UFUNDI WA KUKANDA UFUNDISHWE, NA MGONJWA APEWE SIKU ZAKE



Katika karatasi hii ya chama mara nyingi twasoma habari za mishahara, nyumba na masaa ya kazi, na ni haki iwe hivyo. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa hapa, nalo ni kukanda. Najua wako watakaocheka. Watasema kukanda ni kazi ya bibi zetu kwa mafuta ya nazi, au ni starehe ya watalii katika mahoteli ya pwani, na chama cha wafanya kazi kina nini na kukandwa? Na wacheke, lakini wakisha kucheka wasome, maana nimeona unga wa watu ukimwagika kwa ajili ya jambo hili.

Mimi ni tabibu wa viungo, yaani mmoja wa wale ambao mlango wao hospitalini umeandikwa fiziotherapia. Wengi wenu mmepita mikononi mwetu. Wapakizi wa bandarini huja na migongo, madereva huja na shingo, wachuma chai huja na mabega, na mafundi wa ujenzi huja na mifupa iliyounganishwa juzi. Kwa watu hao twajua la kufanya, na hospitali zajua kwamba twajua.

Lakini kuna wagonjwa wa namna nyingine. Hao ni akina mama waliopasuliwa kwa kansa ya titi, kidonda kikapona, wakarudi kazini, na baada ya miezi kadhaa, pengine hata baada ya miaka, mkono wa upande ule ukaanza kuvimba. Kwanza pete haivuki kidole. Halafu mkono wa blauzi unabana. Mwishowe mkono unakuwa mzito kama mzigo wa kuni ambao mtu hawezi kuutua. Kansa ya titi ndiyo kansa inayowapata wanawake wengi kuliko zote katika nchi yetu, kwa hiyo mtu asidhani kwamba nasema habari za wachache walio mbali. Hesabu akina mama walio katika mkutano wa tawi lako, kisha fikiri.

Sababu ya kuvimba si uchawi, wala si kansa kurudi kila mara, ingawa daktari lazima ahakikishe kwanza. Damu inapozunguka mwilini huacha maji katika nyama, na maji hayo lazima yarudi. Hukusanywa na mishipa midogo sana iliyoanza chini ya ngozi, nayo huitwa limfu. Lita kadhaa hurudishwa hivyo kila siku. Njiani limfu hupita katika tezi, ambazo mwilini ni mia kadhaa. Ndizo zile zinazovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni, tukaziita mtoki. Mwisho wa safari limfu huingia tena katika damu hapa chini ya shingo, nyuma ya mtulinga. Kwapani mna tezi kama ishirini au thelathini. Daktari anayepasua kansa ya titi mara nyingi huziondoa baadhi yake, au huzichoma kwa miale, kwa sababu kansa hupenda kupita huko. Anafanya vema, maana anaokoa maisha. Lakini barabara imefungwa, na maji ya mkono mzima yanatafuta njia.

Mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya mpunga ya Mwea hatahitaji kuelezwa zaidi. Mfereji ukiziba, maji hayaishi kwa kuyasukuma kutoka shambani. Waanza kule chini unakotoka mfereji, wausafisha mdomo, kisha warudi nyuma hatua kwa hatua, na maji yenyewe yafuata. Hivyo ndivyo limfu inavyosukumwa kwa mkono. Tabibu huanza shingoni, ambako hakujavimba hata kidogo, kisha kwapa la upande ulio mzima, kisha kifua, kisha bega, na mkono uliovimba huja mwishoni kabisa. Mgonjwa asiyeambiwa huuliza, "Daktari, mbona wanishika mahali pasipouma?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo nusu ya ufundi wenyewe.

Nusu nyingine ni uzito wa mkono. Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata matabibu wenye vyeti. Sisi tumezoea kuchua misuli: twabonyeza kwa dole gumba, twakamua, twasugua mpaka fundo lilegee, na mgonjwa akipiga kelele kidogo huona amepata thamani ya pesa zake. Limfu haitaki hivyo. Mishipa yake iko juu juu, chini ya ngozi tu, na kuta zake ni nyembamba. Ukikandamiza kwa nguvu waifunga badala ya kuifungua, na damu huzidi kuja mahali pale, maji yakaongezeka. Unavuta ngozi tu, kwa upole, ukiiachilia irudi yenyewe, polepole, kwa sababu mishipa hiyo hujikaza na kujilegeza kwa mwendo wake, mara chache tu kwa dakika. Kwa mtu mwenye mikono ya kazi jambo hili ni gumu sana. Nimeona vijana wenye nguvu za kumnyanyua mgonjwa wa kilo themanini wakitoka jasho kwa kujifunza kutobonyeza.

Walioanzisha ufundi huu walikuwa Mdenmark mmoja, Emil Vodder, na mkewe Estrid. Katika miaka ya 1930 walikuwa wakifanya kazi ya kukanda huko Cannes, Ufaransa, na wengi waliowajia walikuwa Waingereza wenye mafua yasiyokwisha na tezi za shingo zilizovimba. Siku zile madaktari walikataza tezi hizo zisiguswe. Vodder hakuwa daktari wa dawa. Alizigusa, kwa upole, na mwaka 1936 wakaenda kuuonyesha ufundi wao Paris. Madaktari walikaa miaka mingi kabla ya kuukubali. Baadaye Michael Földi, daktari wa Kihungari aliyehamia Ujerumani, na mkewe Ethel, waliuweka pamoja na mambo mengine matatu: kutunza ngozi, kufunga bendeji, na mazoezi ya mwili mkono ukiwa umefungwa. Mambo hayo manne kwa pamoja ndiyo matibabu. Jambo moja peke yake si matibabu.

Hapo nataka nisimame kidogo, maana ndipo penye udanganyifu. Siku hizi utaona katika miji yetu vyumba vya urembo vilivyoandika kwamba vinatoa huduma ya limfu, vinaondoa sumu mwilini, vinapunguza unene wa tumbo. Mfanya kazi anaingia na mshahara wa wiki, anatoka na ngozi laini. Sina ugomvi na mtu anayetaka kuwa laini. Lakini mama mwenye mkono uliovimba akienda huko akapakwa mafuta na kurudishwa nyumbani bila bendeji, maji yatarudi kabla hajafika kituo cha matatu. Katika mwaka 2015 wachunguzi walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa wanawake wenye uvimbe huu, wakayapima kwa mizani moja. Waliofungwa bendeji peke yake uvimbe ulipungua kama sehemu 30 kwa 100 au zaidi kidogo. Waliofungwa na kukandwa pia, ukapungua sehemu 7 nyingine hivi, na waliofaidi zaidi ni wale ambao uvimbe wao ulikuwa bado mdogo. Basi kila mtu aone mwenyewe. Bendeji ndiyo ng'ombe, kukanda ni ndama. Tabibu mwaminifu atakuambia hivyo hata kama kazi yake ni kukanda, nami nawaambia.

Na bendeji yenyewe ni ufundi. Si ile ya krepu inayovutika kama mpira, ambayo hubana mtu akilala na kulegea akifanya kazi. Yatakiwa ile isiyovutika sana, ili misuli ikifanya kazi ndani yake isukume maji. Hufungwa vidole kwanza, kimoja kimoja, kisha pamba au sponji, kisha bendeji yenyewe, ikibana zaidi kifundoni na kupungua kadiri inavyopanda begani. Ukikosea ukabana juu kuliko chini, umefunga mdomo wa gunia. Mwanafunzi hufunga mkono wa mwenzake, huufungua, huufunga tena, mpaka mwalimu apitishe kidole na kuridhika. Hakuna kitabu kinachoweza kufundisha jambo hilo.

Sasa niseme habari ya muda, kwa maana ndiyo inayotuhusu sisi kama chama. Matibabu haya, yakifanywa vizuri, huanza kwa wiki mbili hadi nne, siku tano kila wiki. Baada ya hapo mgonjwa huvaa soksi ya kubana ya mkono mchana, hujikanda mwenyewe nyumbani kama alivyofundishwa, na huja kupimwa mara moja moja. Lakini zile wiki za mwanzo hazina njia ya mkato.

Chukua sheria ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30. Mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kwa tajiri mmoja ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Basi. Jumla siku 14. Mama huyu amekwisha kuzitumia zote, tena zamani, wakati wa kupasuliwa. Akija kwangu katika mwezi wa tisa na mkono umevimba, ninamwandikia aje kila siku kwa wiki tatu, naye ananitazama kama mtu aliyeambiwa anunue ndege. Anakuja mara mbili, mara ya tatu haji. Baadaye anakuja na mkono umekwisha kuwa mgumu, ule ambao ukiubonyeza haufanyi shimo tena, na huo hata fundi wa Ujerumani hataurudisha ulivyokuwa.

Mmoja wao alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo. Kiwanda hicho sitakitaja. Msimamizi alimwona akiuweka mkono juu ya meza kati ya kazi na kazi, akamwambia mkono huo hauwezi mashine. Akahamishwa kufagia. Kufagia nako mkono ukavimba zaidi, kwa sababu hakuwa na soksi ya kubana. Akaambiwa akae nyumbani mpaka apone, na mtu aliyeambiwa akae nyumbani mpaka apone ugonjwa wa kudumu, huyo amefukuzwa, ila kwa maneno matamu. Hakuna mwakilishi wa wafanya kazi aliyeitwa. Naye hakujua kwamba sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema tajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya mwili wake kutoweza kazi, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake wakati wa kusikizwa. Kifungu cha 5 nacho chakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Wawakilishi wetu wengi wanavijua vifungu vya mishahara kama Baba Yetu. Wavisome na hivi.

Tena lile neno la msimamizi, kwamba mkono huo hauwezi kazi, halikuwa kweli. Kwa miaka mingi hata sisi matabibu tuliwaambia akina mama hawa wasinyanyue kitu kizito kabisa, hata mtoto, hata ndoo. Ilikuwa ni hofu tu. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani na Kathryn Schmitz na wenzake, kwa wanawake 141 wenye uvimbe huu. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo, chini ya mwalimu, wakiwa wamevaa soksi ya kubana. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao waliokaa, wakapata nguvu zaidi, na hata zile siku za uvimbe kuwaka kwa ghafla zikapungua. Basi mkono huu waweza kufanya kazi, ikiwa umefungwa, umezoezwa, na haukutupiwa mzigo wote siku ya kwanza. Tajiri anayetaka kumwondoa mtu asije na udaktari wake wa mlangoni.

Nimesema sana juu ya akina mama, lakini wanaume wa pwani wanajua ugonjwa mwingine wa njia hizi hizi, nao ni matende. Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, hata sehemu za Mombasa na Taita Taveta, mbu huwaingiza watu minyoo myembamba kama uzi ambayo hukaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Serikali imegawa dawa za kuua minyoo hiyo kwa watu wote wa sehemu hizo kwa miaka kadhaa tangu 2002, na ni kazi nzuri. Lakini dawa humaliza minyoo, haiuondoi mguu uliokwisha kuwa kama gogo. Mtu huyo bado anataka kazi. Bado anataka kiatu kinachomwingia. Huko juu nako, penye udongo mwekundu wa volkano, watu wanaolima bila viatu huweza kuvimba miguu bila mnyoo wala mbu, kwa chembe za udongo zinazoingia ndani ya ngozi. Ugonjwa huo umeenea zaidi Ethiopia, lakini hata Kenya umeonekana.

Kwa miguu ya namna hiyo kazi ya kwanza si kukanda, ni maji na sabuni. Kuosha kila siku, kukausha hata katikati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kuinua mguu usiku, kuuzungusha kifundo, kufunga bendeji, kuvaa viatu. Huko Ethiopia walifundisha mamia ya wagonjwa mambo hayo kwa mwaka mmoja, wakawalinganisha na wengine ambao walikuwa bado kuanza, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: siku za homa na maumivu za mguu zilipungua. Mtu anayefanya kazi kwa kibarua cha siku, anayelipwa akija na kukosa asipokuja, ajua siku moja isiyo na homa ina thamani gani.

Na hapa niwaonye, kwa kuwa kukanda kwaweza kuua. Mkono au mguu uliovimba ukiwa mwekundu, una moto, na mtu ana homa, usiuguse. Huo una sumu ya vijidudu, na wataka dawa ya daktari siku hiyo hiyo. Shavu moja la mguu likivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kulazwa au kukaa garini siku nzima, huenda damu imeganda ndani, na ukilichua waweza kulisukuma bonge hilo mpaka kwenye mapafu. Miguu yote miwili ikivimba na mtu anakosa pumzi akilala chali, tazama moyo kwanza. Bibi zetu walikuwa na mikono mizuri, wala siwadharau, maana mgongo wangu mwenyewe umekandwa na mmoja wao. Lakini bibi hana njia ya kujua lililomo ndani ya mshipa. Tabibu aliyefundishwa anayo, na ndiyo maana nasema ufundi huu uwe na mwalimu, mtihani na mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Tunayo sheria ya matabibu wa viungo ya mwaka 2014, na baraza la kuwaandikisha. Hilo ni jema. Lakini cheti cha kawaida hakifanyi mtu awe fundi wa limfu. Katika chuo nilichosoma tulipewa miezi ya kuchua misuli, na limfu tulipewa alasiri moja, mwalimu akionyesha na sisi darasa zima tukiangalia kwa mbali. Huko Marekani chama kinachowatahini mafundi wa kazi hii chataka mtu awe amesoma saa 135, theluthi moja darasani na theluthi mbili kwa mikono. Gawanyeni kwa saa nane: ni siku 17 za kazi. Nasema tena, siku 17. Kaunti zetu ni 47. Kila kaunti ikimtoa tabibu mmoja tu, kwa mshahara wake, kwa siku 17, nchi nzima itakuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa huyu. Huo ni mzigo mdogo kuliko gharama ya semina za mabwana wakubwa katika mahoteli ya Naivasha, ambako sijasikia mtu akijifunza kufunga bendeji.

Wako matabibu wenzangu watakaoniambia, tujilipie wenyewe, tujifunze Jumamosi, kisha tuwatoze wagonjwa binafsi. Baadhi yao wamekwisha kufanya hivyo na siwalaumu, kila mtu ana watoto. Lakini ufundi ukilipiwa na mtu binafsi huuzwa kwa bei ya mtu binafsi, na mshonaji wa kiwandani hatauona. Tuwakumbuke wale walioanza kazi hii yetu. Mwaka 1894 kule London wauguzi wanne, wote wanawake, waliona jina la kukanda limechafuliwa na nyumba za ovyo zilizojificha nyuma yake. Hawakuiacha kazi. Waliunda chama, wakaweka mtihani, wakaweka masharti ya mwenendo, na mwaka 1920 chama hicho kikapewa hati ya mfalme. Ndicho chama cha matabibu wa viungo wa Uingereza mpaka leo, na tangu 1992 kimo ndani ya shirikisho la vyama vya wafanya kazi la nchi hiyo. Kwa hiyo mtu akiuliza kukanda kuna nini na chama, mwambieni fiziotherapia yenyewe ilizaliwa na chama cha wakandaji.

Basi ninayotaka tawi letu liyapeleke juu ni haya. Katika mapatano mapya ya pamoja na matajiri, pawe na siku za matibabu za mgonjwa wa uvimbe wa limfu, zisizopungua 15 kwa mwaka, mbali na zile 14 za sheria, zikitolewa kwa barua ya daktari. Na pawe na kazi nyepesi kwa mshahara ule ule mpaka atakapozoezwa tena. Sheria imeweka kiasi cha chini tu, haikukataza kupatana zaidi. Kwa upande wa hospitali za kaunti, ndugu zetu walio katika vyama vya afya wadai hizo siku 17 kwa tabibu mmoja mmoja, pamoja na sanduku la bendeji zinazofaa, maana fundi bila bendeji ni kama mpiga chapa bila karatasi. Na tuiandikie Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tuulize kwa barua yenye tarehe na mhuri: je, kukandwa, bendeji na soksi ya kubana vinalipwa, kwa kiasi gani, na mara ngapi kwa mwaka? Tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara. Anayekatwa ana haki ya kuuliza. Jibu likija lichapwe hapa, neno kwa neno.

Hoja hizi nimempa katibu wa tawi kwa maandishi, na ameahidi kuzisoma katika mkutano wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo mimi na tabibu mwenzangu mmoja tutakaa katika chumba cha nyuma tangu saa tatu asubuhi, na dada mmoja wa kamati atakuwa pamoja nasi. Mwanachama yeyote aliyewahi kupasuliwa titi au kwapa, hata kama haoni uvimbe, aje apimwe mikono yote miwili kwa tepu ya fundi cherehani. Tofauti ikifika sentimita 2 mahali popote, tutamwandikia barua ya kwenda nayo kwa daktari. Mwenye mguu wa matende aje pia, na aje na beseni. Wanaume wanaosubiri wake zao wasikae nje, waingie wajifunze kufunga bendeji, kwa sababu mtu hawezi kuufunga mkono wake mwenyewe vizuri kwa mkono mmoja. Hakuna malipo.